Goti Lililokataa Kukunjwa

Jumamosi. Mvua ndogo tangu asubuhi hapa Kihanga, ukungu umekaa juu ya migomba.

Mwanangu Jovina, kesho unapanda basi kwenda Mwanza kujaribiwa na timu ya kikapu, nami sikulala vizuri. Jana nilikuona ukishuka mteremko wa kisimani kiubavuubavu, mguu wa kushoto ukitangulia kila hatua, goti lake halikunjwi. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo huwa nagombeza.

Kuna mchana mmoja haujanitoka. Nilikuwa kijana, nachezea timu ya mpira wa kulipwa Dar es Salaam, nimekuja nyumbani likizo. Kwa Bibi, mama yake baba yangu, chakula kililiwa mkekani, ndizi zikiwa zimemwagwa juu ya jani. Wote wakakunja miguu. Wangu wa kulia ukagoma, nikaomba kiti.

"Mpeni kiti cha padri!" alisema baba mdogo. "Watu wa Dar siku hizi hawakai chini."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Bibi alisubiri wengine watoke kunawa mikono.

"Goti hilo, mwalimu wako analijua?"

"Litapona, Bibi."

"Sikukuuliza kama litapona. Hapa kwangu unaomba kiti. Huko uwanjani unaomba nini?"

Jibu nililijua: sindano ya ganzi, karibu kila mechi. Nikainuka kwenda kunawa na wengine. Niliogopa kupoteza namba yangu, na kwa haki niseme haikuwa hofu ya kijinga, maana nilishaona mwenzangu akiachwa kwa sababu ya enka iliyoumia. Nikacheza msimu mmoja zaidi. Ulikuwa mzuri kuliko yote, siwezi kukudanganya. Halafu goti likaisha, na kazi ikaishia hapo.

Sasa sina hakika, mwanangu. Shule yangu ni fupi, na udaktari sina. Huenda naliona goti langu kwenye mguu wako. Huenda ni wivu wa mzee tu; hilo nalo nimejiuliza sana.

Sikwambii usiende. Nenda, lakini mwalimu ajue kabla hujafunga kamba za viatu. Akikuacha kwa sababu umesema kweli, utaumia sana, ila utabaki na mguu unaoweza kutibiwa. Mungu akushike njiani, akupe miguu ya kukufikisha mbali na ya kukurudisha kwetu.

Jioni. Ukurasa huu umeusoma umesimama mlangoni.

"Baba, kumbe unanichunguza hadi ninavyotembea!"

Ukatoka umenuna. Mama yako akanitazama, nikatazama chini. Baadaye nikasikia sauti yako upande wa jikoni, umeshika simu: "Shikamoo, mwalimu. Kuna kitu sikukuambia." Mvua ikazidi kwenye bati, jibu lake sikulisikia.

Umerudi, ukanawa. Tumekula ndizi na maharage. Ulinyoosha mguu wa kushoto, nami nikakusogezea kiti kabla hujaomba.