Mkutano Usio na Mwenyeji

Kundi letu la mtandaoni lilikuwa na sharti moja kwa kila anayetaka kuingia: atume ujumbe wa sauti, aseme anatoka wapi na kwa nini amekuja kwetu. Sharti hilo nililitunga mimi. Hoja yangu ilikuwa kwamba mwanamume anaweza kuiba picha ya mwanamke na kuandika kama mwanamke, lakini koo lake litamsaliti. Wenzangu waliikubali bila mjadala, kwa kuwa wengi wao walikuwa na jambo la kuficha: huyu anafundisha shule ya kanisa, yule ana mume asiyetaka kulisikia neno ufeministi chini ya bati lake.

Hoja hiyo ilikuwa na tundu, na nililiona tangu mwanzo. Chuoni, nilikokuwa nikisomea shahada ya uzamili, tulikuwa na kundi dogo la wanafunzi wa kike, wote tukijuana kwa sura. Humo niliandika maneno ambayo msimamizi wa tasnifu yangu alikuwa akiniambia kila alipofunga mlango wa ofisi. Baada ya muda mfupi msimamizi aliniita, akanigeuzia simu yake, nikayaona maneno yangu yamepigwa picha, na jina langu juu yake. Hakuna mwanamume aliyekuwamo katika kundi lile. Aliyenisaliti alikuwa mmoja wetu, na mpaka leo simjui. Nilirudi nyumbani Bakoba, kata ya mji wa Bukoba, na tasnifu isiyokwisha, nikamwambia mama nimekuja kuandika kwa utulivu. Katika kundi la huku sikumweleza mtu yeyote. Hivyo sharti la sauti lingezuia wanaume, lakini lisingezuia kile hasa nilichokiogopa. Nililiweka hata hivyo, kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu mlango hauna kitasa.

Wazo la kukutana ana kwa ana lilitoka kwa dada mmoja wa Izimbya, mkulima wa kahawa anayetembea kwa magongo na ambaye mzaha haumkauki mdomoni. Aliandika: "Tunajuana kama majini, waitu, wenzangu. Tukutane angalau tuhakikishe kila mmoja ana miguu. Mimi yangu mnaijua hali yake." Wakacheka, wakakubali, kisha wakanikabidhi kazi, kwa maelezo kwamba msomi asiye na ajira ana muda.

Nilianza na hoteli za ufukweni Bukoba mjini. Kila niliyoingia, kikombe cha chai kilikuwa na bei ya mlo wa nyumba nzima, na ukumbi ulikuwa juu ya ngazi. Wanachama wengi walikuwa wakiishi Muleba, mbali na mjini. Nauli pekee ingewaacha nyuma. Mwishowe mwalimu wa chekechea wa Muleba alijitolea chumba chake cha darasa siku ya Jumamosi. Nilikwenda kukikagua. Hakikuwa na ngazi, choo cha watu wazima kilikuwapo, pembeni palikuwa na kijichumba safi ambamo dada zetu Waislamu wangeweza kuswali, na nyuma kulikuwa na uwanja wa watoto, kwa hiyo anayenyonyesha na aliyekosa wa kumwachia mtoto wangekuja. Viti vilikuwa vya wanafunzi wa miaka mitano. Nilikaa kimojawapo, magoti yakanifika kidevuni, nikaona hilo linavumilika.

Kisha nikaandika tangazo. Nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena: "Mkutano ni wa bure. Kila mmoja aje na chakula kidogo cha kushirikiana. Mkutano huu hauna mwenyeji wala mgeni rasmi. Sote tuko sawa." Sentensi ya mwisho ilinipendeza kupita kiasi. Niliona imebeba katika maneno machache kila nilichokisoma kuhusu usawa.

Majibu yaliyokuja yalihusu neno moja tu.

"Bure? Ni virutubisho au ni kikoba?"

"Mara ya mwisho kuitwa bure nilirudi na sufuria ya mkopo."

"Kampuni gani hiyo, dada? Tuambie mapema tujue tunauziwa nini."

Nilieleza kwamba hakuna kampuni. Nilieleza kwa urefu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na muuzaji.

Mwanachama mmoja hakuuliza kuhusu kampuni. Picha yake kwenye simu ilikuwa mwavuli uliofungwa ukiegemea ukuta. Aliingia kabla sijaweka sharti la sauti, na nilipomtaka alitimize alijibu neno moja: "Sitaweza." Nilimwomba tena, akajibu vilevile. Sasa alinitafuta pembeni, nje ya kundi, akauliza kama chumba kina mlango mmoja au miwili. Kesho yake akauliza ufunguo atakuwa nao nani. Kisha akauliza kama picha zitapigwa, kama majina yataandikwa mahali, na kama mimi ninayeita watu nina mtu nyuma yangu.

Niliyasoma maswali hayo kama mtu anayesoma mtihani alioandaliwa na adui. Mtu wa kawaida huuliza chakula, saa na njia. Anayeuliza milango anapanga kuvamia, au anapanga kumkuta mtu ndani. Niliwaza mume wa mmoja wetu. Niliwaza mtu wa chuoni. Nikamtegea swali la upole: ataleta chakula gani?

"Senene," aliandika. "Nimewala tangu utotoni."

Hapo niliamini nimemshika. Desturi ya kwetu inajulikana: wanawake walikamata senene, panzi wetu wa msimu, wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga, kisha wanaume peke yao wakawala. Desturi hiyo imekufa, hasa mjini. Mimi mwenyewe hula senene na chai. Lakini mwanamke wa huku kwetu, ambaye kwa lugha yake hakuwa kijana, kujisifu kwamba alikula tangu utotoni? Nikahitimisha kwamba ni mwanamume. Baada ya hapo nikakumbuka kwamba mwongo mwenye akili angetaja ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage asitiliwe shaka, hivyo huenda ni mwanamke anayesema kweli. Kisha nikafikiri kwamba mwongo mwenye akili zaidi angejua nitafikiri hivyo. Sikumwondoa kundini, kwa kuwa sikuwa na ushahidi, na kumsukuma mtu nje bila kumsikiliza ndiko nilikofanyiwa mimi chuoni. Nilibaki na hofu moja iliyo wazi: kama mwenye mwavuli ndiye mtoa siri wetu, basi nilikuwa ninawakusanya wenzangu wote na kuwaweka mikononi mwake.

Mama yangu, mzee wa usharika wa Kilutheri, hakujua ni kundi gani. Nilimwambia ni mkutano wa wanawake. Asubuhi ya safari alinikuta nikifunga chapati kwenye jani la mgomba.

"Nani kawaita?" aliuliza.

"Hakuna aliyeita, mae. Tumeitana."

"Mwenyeji ni nani?"

"Hakuna mwenyeji. Wote sawa."

"Hata msiba una mwenye msiba," alisema. "Haya, nenda, nshomile."

Nshomile maana yake ni yule aliyesoma, na mama hulitumia neno hilo pale tu msomi anapokosa akili. Nililipokea kama utani wa kawaida, nikaondoka.

Muleba walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Dada wa Izimbya aliingia kwa magongo yake, akavitazama viti, akasema, "Leo kwa mara ya kwanza wote mmekuwa walemavu." Walikuja wawili wa Kashozi waliokuwa wameaga nyumbani kwamba wanakwenda kwenye jumuiya. Alikuja mama mmoja Mwislamu wa mjini na binti zake. Kila aliyefika alitoa alichobeba, akakiweka kwenye meza ya mwalimu: ebitoke na maharage yaliyofungwa kwenye majani, viazi, samaki, karanga, chapati zangu. Harufu ilijaa chumba. Tukaketi, magoti juu, tukitabasamu.

Hakuna aliyekula.

Mwanzoni nilidhani ni haya. Nikasema, "Karibuni, jamani." Wakasema asante, na hakuna aliyesogea. Mazungumzo yalikatika, yakaanza, yakakatika tena. Nilimwona mmoja wa Kashozi akikitazama chakula kisha akinitazama mimi, kisha akiitazama mikono yake.

Wakati huo aliingia mwanamke mwenye umri wa kumzaa dada wa Izimbya, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango. "Mimi ndiye wa mwavuli," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, lakini ya mwanamke bila shaka yoyote. Ningetarajia kufarijika. Badala yake nilihamia papo hapo kwenye dhana ya pili: si mwanamume, bali ni mke aliyetumwa na mwanamume. Simu yake ilikuwa ndani ya kikapu na sikuweza kuona kama kioo kinawaka.

Dada wa Izimbya hakuvumilia. "Sasa tumekuja kuviaga hivi vyakula? Tupite mmoja mmoja tutoe heshima za mwisho?"

Wakacheka, lakini kwa tahadhari.

"Anaonja nani?" aliuliza mmoja wa Kashozi.

"Mwenyeji," alijibu mwenzake.

"Hayupo. Tangazo lilisema hayupo."

Mwalimu wa chekechea akainua mikono. "Chumba ni changu, ila watu sikuwaita mimi."

"Na mimi ni mgeni wenu wote, msinitazame," alisema mama wa mjini.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kwetu pombe au chakula hakimfikii mgeni kabla mwenyeji hajaonja mbele yake. Ndivyo anavyosema, bila kutamka, kwamba hakuna sumu. Nimeona hivyo maisha yangu yote. Babu alikuwa akinywa funda la rubisi, pombe ya ndizi, kwanza, kisha ndipo anakabidhi kibuyu. Na mimi, kwa sentensi niliyoipenda, nilikuwa nimewaalika wanawake wasiojuana, wenye kila sababu ya kuogopana, mahali ambapo nimemfuta yule mmoja ambaye kazi yake ni kuonja.

Nilianza kueleza. "Tulichokusudia ni kwamba, katika misingi ya usawa, asiwepo mtu mmoja anayechukua nafasi ya…"

"Mwanangu," alinikatiza mwenye mwavuli, "aliyeita ndiye anayeonja. Usipoonja na wewe ndiye uliyetuita, unatuambia kitu."

Akainuka, akatoa kikapuni bati dogo, akalifungua na kuliweka mbele yangu. Senene walikuwa wamekaangwa vizuri, wakawa na rangi ya hudhurungi. "Anza na zangu," alisema. "Ni mimi unayeniogopa zaidi."

Sikuogopa sumu, hata mimi siwazi hivyo. Nilichokiogopa kilikuwa kwenye kikapu chake, ile simu, na hakikuwa cha kuonjwa. Ningeweza kusema nimefunga. Ningeweza kuanza na ebitoke. Nilitazama macho yake nikitafuta chochote cha kunisaidia kuamua, na sikupata kitu, kwa kuwa naye alikuwa akinitazama hivyo hivyo, akitafuta. Nikachukua senene, nikatafuna. Chumvi ilikuwa imezidi. Nikameza, nikachukua wengine.

Kisha nikapita meza nzima. Nilionja kila kifurushi mbele ya macho yao, hadi karanga, huku dada wa Izimbya akitangaza kama kwenye mpira: "Amefika kwenye viazi. Anatafuna. Bado yuko hai." Nilipomaliza samaki, wenzangu wote walikuwa wamekwisha kusimama, na kelele iliyozuka ilimtoa jirani nje kuja kuuliza kama ni sherehe.

Mwenye mwavuli aliondoka mapema. Nilimsindikiza, kwa sababu sasa nilikuwa mwenyeji na mwenyeji husindikiza. Tulipita kwenye kijia kati ya mibuni, na nilipoona hakuna mtu karibu nikamwuliza kwa nini hakutuma sauti.

"Mume wangu anaijua sauti yangu hata kwenye simu ya mtu mwingine," alisema. "Maandishi yangu hajawahi kuyasoma hata siku moja. Ndiyo maana huko naandika."

"Na milango?"

"Nilitaka kujua nitokee wapi mkianza kuniuzia sufuria." Hakucheka. "Nilikudhania wewe ni mtego. Mtu anaita bure, anasema hana bosi, lakini yeye ndiye anayetaka sauti za watu, vijiji vyao na sababu zao. Nikasema huyu anakusanya. Nimekuja leo nikuone kwa macho."

Sharti langu, likitazamwa kutoka upande wake, lilikuwa ndilo hasa ambalo mtoa siri angelitunga.

"Na senene?" niliuliza, kwa kuwa bado kuna sehemu yangu ilitaka hesabu itimie.

"Mtoto anayenyonyoa senene jikoni na mama yake, unadhani mkono hauendi mdomoni?"

Tulifika pale kijia kinapokaribia barabara. Alinizuia kwa mkono, akasema nisitoke naye, wasije wakatuona pamoja. Lakini hakuondoka mara moja.

"Ulichomwa wapi?" aliniuliza.

Nilishtuka. Nilijiuliza nani amemwambia, na majina yakaanza kujipanga kichwani mwangu, moja moja.

"Hakuna aliyeniambia," alisema, kana kwamba nimesema kwa sauti. "Anayeuliza kama unavyouliza wewe amechomwa."

Angeweza kuwa anasema kweli. Angeweza pia kuwa ameambiwa, na swali hilo likawa ndilo alilotumwa kuuliza. Nilisimama pale nikizipima dhana zote mbili, na zilikuwa na uzito uleule. Hakuna ushahidi ambao ungekuja kuongezea upande mmoja. Simu yake ilikuwa bado kikapuni, kati yetu.

Nikamweleza, kwa kuwa aliyeita ndiye anayeonja. Nilianza na mlango wa ofisi, nikamweleza maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa, ambayo hata mama sikuwahi kumwambia, na jina la msimamizi nikalitaja lote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kikapu amekishika kwa mikono miwili, na nilipofika mwisho alingoja pikipiki iliyokuwa ikipita barabarani itoweke, ndipo akashika njia yake.