Maji Niliyoyaita Matamu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Mke wangu alikuwa akisema hata nikigombana na kifuniko cha sufuria lazima nishinde. Idara ya maji iliponipunguza kazini, miaka ile kila kitu kilipoachiwa watu binafsi, nilipata kazi ya ufundi kwa mkandarasi mwenye mtambo mmoja mkongwe wa kuchimbia visima. Tukatumwa mbugani, mbali na Kilosa, kwenye maboma ya wafugaji. Wafadhili walikuwa wamewapa kisima kimoja tu. Mtambo ukishaondoka, haurudi.

Siku ya tatu ncha ya kuchimbia ikavunjika. Bosi akaenda mjini kutafuta nyingine, akamchukua na dereva. Mimi akaniambia, "Linda mtambo. Siku tatu tu." Siku tatu hizo zikawa wiki tatu.

Jamani, upweke niliujulia pale. Betri za redio ziliisha nguvu, nikazianika juani, redio ikaimba kidogo, kisha kimya. Nikaanza kuusalimia mtambo asubuhi. "Umeamkaje, mzee?" Nikajijibu mwenyewe, "Salama, sijui wewe." Wanaume walikuwa malishoni na ng'ombe. Wanawake walipita alfajiri na madumu kwenda mtoni, wakarudi jua la utosi, wamechoka hata kuongea hawawezi.

Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima, nikimwita yeyo, kama wenyewe wanavyomwita mama. Siku ya kwanza alisimama, mkanda wa dumu ukimkaza kipaji cha uso.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Kunywa," akasema, akanimiminia kikombe cha maji ya mtoni.

Nikaona aibu. Ningekunywaje jasho la mtu aliyetembea nusu siku? "Wapelekee wajukuu, yeyo. Mimi ninayo yangu."

Uongo mtupu. Nilikuwa nachota kwenye dimbwi la ng'ombe, nachemsha, nakunywa. Siku za mwanzo yalinikwaruza koo kwa chumvi. Baadaye sikusikia kitu. Yeyo alinipa kikombe tena kesho yake, na keshokutwa, nami nikakataa. Mwisho akawa ananisalimia huku anapita. Yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akisimama kuongea nami, na nilikuwa nimemfukuza kwa adabu zangu.

Bosi aliporudi na ncha mpya, tukachimba siku mbili, maji yakaruka. Wanawake wakapiga vigelegele. Zamani, nikiwa idarani, tungejaza chupa ipelekwe maabara Morogoro, tungoje majibu. Bosi hakuwa na muda huo.

"Maabara ya nini, na wewe una ulimi? Onja. Yakiwa matamu tunaishia hapa. Yakiwa ya chumvi tunashuka chini zaidi, mabomba bado yapo."

Wenyeji tuliwakataza kuonja, maana maji ya kwanza huwa na matope na dawa ya kuchimbia. Nikakinga kiganja, nikaonja.

"Matamu," nikasema.

Dereva naye akaonja, akakunja uso. "Fundi, mbona yana chumvi?"

"Ala! Umetoka mjini na ulimi wa soda, utajua maji wewe?" nikamfokea. Watu wakacheka. Tukafunga pampu ya mkono, tukafungasha, tukaondoka.

Nilifika kwangu Kilosa jioni. Mke wangu akanipa maji ya mtungini. Nikayatema.

"Umetia nini humu? Mbona yamepooza hivi?"

"Sijatia kitu. Si maji yetu ya siku zote?"

Nikaomba kikombe kingine, nikanywa taratibu. Hayakuwa na kitu. Mke wangu akauliza kama naumwa. Mazoea yana taabu, wazee walisema, na mimi wiki tatu nzima nilikuwa naufundisha ulimi wangu kuita chumvi utamu. Nilikaa uani na kile kikombe mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake nikamwendea bosi, nikamwomba turudi tuchimbe chini zaidi. Mtambo ulikuwa umeshapelekwa upande wa Ruhembe.

"Si wewe uliyesema matamu?" akaniuliza.

Baada ya mwezi nilishindwa kuvumilia. Nikapanda lori mpaka Dumila, mwendo uliobaki nikaupiga kwa miguu. Nilikuta pampu ni nzima. Wavulana wawili walikuwa wanapampu kwa zamu, ng'ombe wanakunywa kwa furaha, mmoja analamba saruji. Ng'ombe anapenda chumvi.

Kisha wanawake wakatokea, wanatoka mtoni na madumu mgongoni. Walipita kando ya pampu na hakuna aliyeitazama. Yeyo aliponiona akatua mzigo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba."

"Yeyo, ni mimi niliyesema maji yale ni matamu. Dereva aliniambia, nikamfokea. Kosa ni langu."

Aliinama kwenye mzigo wake. Kisha akafungua dumu, akajaza kikombe.

"Umetoka mbali," akasema. "Kunywa."

Safari hii sikukataa. Nilikunywa yote huku machozi yananitoka. Yalikuwa matamu, na sasa ulimi wangu ulikuwa umepona.