Jina Lililoandikwa kwenye Kaburi la Mwalimu

Sikwenda Maposeni kuomboleza. Nilikwenda kwa sababu ya picha. Jirani yangu hapa Msamala alinionyesha kwenye simu kaburi la marehemu mume wangu, mwalimu wa kwaya, limejengewa upya, na chini ya marumaru hiyohiyo kalazwa mke wake wa kwanza. Kesho yake nikapanda Noah ya abiria.

Njiani mahindi yalikuwa yamekauka, watu wanavuna. Abiria mwenzangu aliniuliza naenda kwa nani, nikamtaja mwalimu. Akasema nani asiyemjua, nyimbo zake zinaimbwa parokia zote za huku, ila amesikia mkewe alikufa zamani. Nikageukia dirishani.

Saa nne nilifika. Makaburi yapo nyuma ya kanisa. Nilipita la katekista wa kwanza, nikapita la mkunga aliyezalisha karibu kijiji kizima, hadi nikafika la mwalimu. Chini ya jina lake waliandika: "na mkewe mpendwa, Agnesi." Agnesi aliishi naye miaka sita. Mimi ishirini na tatu, na macho ya mwalimu yalipofifia ni mimi niliyenakili nyimbo zake kwa mkono. Nilitamani nipate kitu cha kukwangulia yale maandishi.

Yustina, binti yao niliyemlea mwenyewe, alinikuta pale. Alikuja na ndoo ya maji na vitambaa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nani kaandikisha haya?"

"Mimi." Akaitua ndoo. "Mama alikufa nina miaka minne. Sina hata picha yake. Na nyumbani jina lake halikutajwa hata siku moja. Nikaona angalau hapa lisomeke."

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwambia mwalimu sitaki kulisikia jina hilo ndani ya nyumba yangu, naye akanitii mpaka anakufa. Sikuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na mtoto pale anasikiliza.

Nilichukua kitambaa tukaosha jiwe pamoja. Nilipofika kwenye jina la Agnesi mkono ulikuwa mzito, lakini niliosha.

Jioni nilikuwa nimesharudi Msamala. Wivu sikuuacha Maposeni, nilirudi nao. Ila sasa najua kwamba miaka yote ile, aliyenyimwa kitu nyumbani kwetu hakuwa mimi.