Kandili Lililozimika Kisimani

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, jua la Makorora likiwa utosini. Mimi na mdogo wangu Hamisi tulikuwa vibarua wa Mzee Mbwana, fundi wa visima, na kazi yetu ilikuwa kufukua kisima cha zamani nyuma ya nyumba ya mjane mmoja. Kilikuwa kimefunikwa miaka mingi.

Nilikuwa nimemaliza shule, kichwa kimenijaa. Mwalimu alitufunza kwamba kila kitu, jiwe, chuma, hata mfupa wa mtu, ndani yake sehemu kubwa ni nafasi tupu. Hilo ni kweli. Mimi nikaliongezea langu: kama dunia ni utupu, basi fikra ndiyo inayoipa umbo, na mwenye fikra imara hadhuriki. Hilo hakunifunza mtu. Ulimi hauna mfupa; nililisema kila jioni barazani, na Hamisi, ambaye hakuvuka darasa la nne, alinisikiliza kama anavyosikilizwa imamu.

Mafundi wa visima wana desturi yao. Kwanza huteremsha kandili kwa kamba. Likizimika, haingii mtu. Humwaga maji, hupepea kwa matawi yenye majani, hungoja, kisha huteremsha tena. Siku hiyo lilizimika kabla halijafika nusu.

"Asiingie mtu mpaka nirudi," alisema Mzee Mbwana, akaenda kuswali adhuhuri.

Hamisi akachungulia. "Kaka, mbona kandili limekufa?"

"Limekosa imani," nikamcheka. "Mle mna nini? Hamna kitu. Sasa unaogopa hamna? Mkeo Mwanahawa akijua kaolewa na kuku!"

"Kuku nani? Wewe hata mnazi huwezi kupanda."

"Kinachokutisha ni fikra yako. Ibadili, ushuke."

Akavua shati, akanipa nimshikie. "Haya, msomi. Nikifa, utamweleza mke wangu wewe."

Alishuka kwa vishimo vya ukutani, akivihesabu kwa sauti. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kisha nikasikia kishindo cha maji.

Nilimwita. Sikushuka, miguu yangu ilikuwa ikiyajua yale ambayo kichwa kiliyakataa. Nikafumba macho, nikafikiri kwamba yu hai. Wallahi, sijawahi kufikiri jambo kwa nguvu kiasi kile. Nilipofumbua, shati lilikuwa mkononi mwangu, na kisima kimya.

Tulimtoa alasiri, kwa kamba na kulabu. Mzee Mbwana hakunipigia kelele. Alimfunga Hamisi kidevu kwa kilemba chake, akasema, "Imemuua hewa mbaya. Haina rangi, haina harufu." Kisha akaniuliza, "Mbona hukutangulia wewe?"

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba kwa maneno, akaingia ndugu yangu.

Basi sikia, mwanangu. Fikra ina nguvu, sikatai: ilimvua Hamisi hofu iliyokuwa ikimlinda. Lakini haikuibadili hewa ya mle kisimani. Ukijifunza jambo jipya, lifurahie, ila usilijaribu kwa pumzi za mwenzio. Kisichoonekana usikiite hakipo. Na mtu akikuamini, ogopa kuliko anapokubishia, maana anayekubishia bado anajilinda.

Mola akupe elimu yenye haya, na akujaalie ndugu wa kuzeeka nao.