Kupumzika na Viatu

Wakati wa vita nilikuwa nafundisha darasa la pili hapa Bukavu. Asubuhi moja somo letu lilikuwa kitenzi "kupumzika". Nikaandika ubaoni mfano wa kitabu: "Baba anavua viatu, anapumzika." Nikawaambia watoto watunge sentensi zao.

Wa kwanza kusimama alikuwa msichana aliyekimbia na mama yake kutoka Kalehe. Akasema: "Maman anapumzika na viatu, mutoto iko ku mugongo."

Nikamwambia amekosea. Mtu anayepumzika anavua viatu, anamshusha mtoto, ananyoosha miguu. Kitabu kinasema hivyo!

"Hapana, madame!" darasa zima likajibu. Mmoja akasema kwao wote wanalala na viatu, hata bibi mzee. Mwingine akasema baba yake anapumzika amekaa, mgongo umeegemea mlango. Risasi zikianza, nani atatafuta viatu gizani?

Nikapiga meza kwa hasira. Nilikasirikia nani? Askari, kitabu, sijui. Nilitaka mtoto mmoja tu, mmoja, aniambie kwamba kwao mtu bado anapumzika kama watu.

Yule msichana alikuwa bado amesimama. Akaniuliza kwa heshima: "Na wewe, madame, unavulaka viatu?"

Nilichukua kitambaa, nikafuta mfano wa kitabu, nikaandika sentensi yake mahali pake. Watoto wakainama kuinakili. Mimi nikakaa kitini, maana miguu yangu ilikuwa imevimba ndani ya viatu tangu Jumapili.