Barabara ya Madukani Imerudishiwa Pande Mbili

Sisi tuliokulia Kitui mji ukiwa bado mdogo, tunaikumbuka ile barabara ya madukani ikipitisha magari huku na huku. Vumbi jekundu, mahindi ya kuchoma, punda waliobeba maji wakisimama katikati kama wenye njia. Mama yangu aliuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, pale barazani, sufuria moja kubwa. Madereva waliotoka Matinyani walisimama kula, na waliorudi vilevile. Sisi tukitoka shule tulikuta sahani zetu zimefunikwa, maharagwe yamejaa juu.

Asubuhi moja tukakuta vibao vya mishale. Magari yaende upande mmoja tu. Wakubwa walisema ni maendeleo. Mama alikitazama kibao, akasema, "Huu mshale hauleti mtu kwetu." Kweli, magari ya Matinyani yakazungushwa nyuma ya soko, wateja wakapotea, na mama akarudisha sufuria nyumbani. Tulikula muthokoi ule hadi tukauchoka.

Juzi dada yangu Mwende, anayeshona nguo mjini, akanipigia simu. "Wameng'oa vibao. Barabara inarudi pande mbili. Wanasema ni kwa faida yetu."

"Yetu sisi nani?"

"Hata mimi nimejiuliza. Kuna jengo refu linapanda pale mwisho. Lango lake linaangalia upande ule ambao magari yalikuwa yamekatazwa kutokea."

Jumamosi mama akataka kwenda kujionea. Vijana walikuwa wakivuka barabara macho yakiwa kwenye simu, bodaboda zikiwapigia honi kutoka upande wasioutarajia. Enzi zetu mwalimu angekuchapa kwanza kwa kutoangalia njia, ili gari likukose. Mama aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka polepole hadi kwenye baraza lake la zamani. Sasa ni duka la simu. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alimpa kiti.

"Biashara itakuwa nzuri sasa," nikamwambia.

"Itakuwa nzuri, lakini si yangu. Mwenye nyumba amenipa notisi. Kuna mtu mkubwa anataka nafasi hii."

"Mtu gani?" mama akauliza.

"Hawaniambii, shosho."

Mama akatikisa kichwa. "Walipoifunga njia, walitutoa sisi. Sasa wanaifungua, wanakutoa wewe."

Zamani barabara ile ilitujaza vumbi, lakini kila aliyepita tulimjua, na tulijua anakokwenda. Leo ina lami na rangi mpya, magari yanakuja kutoka pande zote mbili, na vioo vyake ni vyeusi.