Kinyozi Aliyekunja Wembe

Juzi, katika saluni moja ya Maisaka, hapa Babati, nilimwona kinyozi akizima mashine kwa sababu mtoto alisema hataki. Nikamkumbuka Mzee Tluway, aliyenyoa mtaa wetu mzima kwa wembe wa kukunja nilipokuwa mtoto.

Baba alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Baba mkubwa alimwita Mzee Tluway aje amnyoe mama, kama walivyonyolewa wajane wote wa ukoo. Ua ulinukia sabuni na moshi wa kuni. Mama aliketi kwenye kigoda, akafunika nywele zake kwa mikono miwili.

"Sinyolewi, shemeji. Nitamlilia mume wangu na nywele zangu kichwani."

"Mzee, nyoa!" baba mkubwa alifoka.

Nilidhani mama anaogopa wembe. "Hauumi, mama," nilimnong'oneza. Leo najua hakuwa na hofu hata chembe.

Mzee Tluway alikunja wembe. "Mimi humnyoa aliyekubali. Huyu hajakubali."

"Basi nipe mimi!"

Mzee akautia mfukoni, akamuaga mama kwa heshima, akaondoka nao.

Jioni, ukoo ukiwa bado umekaa uani, mama alinipa chanuo.

"Nichane," alisema. "Polepole, wote waone."